Deni Letu kwa Tingatinga

Jina la Tingatinga si geni kwa askari wetu. Wako watakaolisikia na kufikiria mtambo ule wa kusukuma udongo barabarani, kwa kuwa ndivyo unavyoitwa kwa Kiswahili, wala hatuwalaumu; hata miongoni mwetu alikuwako kijana aliyeamini kwa miaka miwili kwamba picha za Tingatinga zimepewa jina la mtambo huo. La hasha. Lilikuwa jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafa mjini Dar es Salaam mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Ni juu ya mtu huyo, na juu ya yale aliyotuachia sisi tunaochora huku Busasamana, kwamba tunaomba kusema leo. Tunasema na askari wa jeshi na wa polisi kwanza, kwa kuwa wao ndio wanunuzi wetu wakubwa, na kwa kuwa habari ya kifo chake inawahusu kuliko inavyowahusu wasomaji wengine.

Sisi si wachoraji wa kutajwa. Tu watu wachache wa tarafa ya Busasamana, ile tuiitayo umurenge, katika wilaya ya Rubavu, mahali ambapo shamba la mwisho la viazi la Rwanda linatazamana na shamba la kwanza la Kongo. Ni nchi ya mawe meusi. Kuta za mashamba zimejengwa kwa mawe yaliyotapikwa na milima, na udongo wenyewe ni majivu ya zamani, ndiyo maana viazi na vitunguu vinastawi. Upande wa magharibi umesimama mlima Nyiragongo, ambao katika nyakati zake za kuwaka hulifanya wingu la usiku kuwa jekundu. Twalima kama wengine. Lakini pia twaandika majina ya maduka, twachora mikate na chupa za soda kwenye kuta, na vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye milango ya vinyozi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yetu.

Tingatinga alitufikia kwa lori. Dereva mmoja wa safari za Dar es Salaam, aliyeingia nchini kwa daraja la Rusumo, alimlipa mwenzetu deni dogo kwa kumpa ubao wa mraba uliochorwa chui mwenye macho ya duara, nyuma yake pakiwa na rangi ya chungwa tupu, bila nyasi wala mawingu. Tuliuzunguka ubao ule jioni nzima. Hakuna aliyesema kwamba chui yule amefanana na chui. Mmoja wetu alisema tu kwamba chui huyu anatutazama, naye alisema kweli. Siku ya pili tulianza kuiga.

Mtu aliyeanzisha uchoraji ule hakusomea uchoraji. Alitoka kwao kusini akiwa kijana, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam na kutumika katika nyumba za Wazungu. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa mtu mzima wa miaka 36. Vifaa vyake vilikuwa vya mtu asiye na fedha: ubao wa hadibodi uliokatwa mraba, na rangi ya kopo, ile wanayopakia baiskeli. Aliupaka ubao wote, akauacha ukauke, kisha akamweka mnyama katikati, aghalabu mmoja tu, akamjaza madoa na mistari kwa ncha ya brashi. Hakujishughulisha na kivuli, wala hakujali umbali. Mnyama wake alisimama mbele ya mtazamaji kama mgeni aliyekwisha kubisha hodi. Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, walikokuja wageni kununua mahitaji yao.

Alichora kwa miaka 4 tu. Katika muda huo mfupi aliwafundisha ndugu na jamaa zake, na majina yao yastahili kutajwa: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah. Hao waliendelea baada yake, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wenye jina lake mjini Dar es Salaam. Mpata alihamia Kenya, na leo jina lake liko juu ya hoteli ya watalii katika Maasai Mara. Ni wachoraji wangapi wa Ulaya walioacha ukoo wa namna hiyo kwa kazi ya miaka 4?

Basi hatuoni haya kusema kwamba tuliiga. Picasso mwenyewe, ambaye dunia nzima inamwita baba wa uchoraji wa kisasa, aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris mwaka 1907, akasimama mbele ya vinyago vya Afrika, na tangu hapo nyuso alizozichora hazikuwa tena zile za kwanza. Ikiwa yeye alikopa kwetu bila kuulizwa, sisi kukopa kwa jirani aliyekuwa Mswahili mwenzetu si aibu. Shida yetu ilianza mahali pengine.

Shida ya kwanza ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa ya rangi. Rangi ya baiskeli ni ya mafuta, na Dar es Salaam kuna joto. Huku kwetu kuna baridi na ukungu. Ubao ambao huko pwani ungekauka upesi, hapa hunata siku baada ya siku, na vumbi la magunia ya viazi hukaa juu yake. Tulijaribu kuzikausha mbao karibu na jiko. Moshi ukaifanya rangi ya njano kuwa kahawia. Tulijaribu kuchora mnyama kabla rangi ya chini haijakauka; twiga akayeyukia mbinguni. Tungekuwa wenye akili, tungalijiuliza siku hiyo hiyo kama kazi iliyozaliwa katika joto la bahari inaweza kuletwa milimani bila kubadilishwa kitu. Hatukujiuliza. Tulinunua subira, tukaendelea.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilijificha ndani ya faida. Picha zilinunuliwa. Wenye maduka ya Gisenyi, kando ya ziwa, waliwauzia watalii, na askari waliokwenda likizo walizinunua ziwe zawadi za nyumbani. Tulichora tembo watano waliojipanga chini ya Kilimanjaro, twiga wawili waliofungamana shingo, na jua linalozama nyuma ya mti wenye kichwa bapa. Tulifikia hali ya kuweza kuchora Kilimanjaro usiku, taa ikiwa imezimika. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona Kilimanjaro.

Aliyetuamsha ni koplo mmoja, mzaliwa wa huku huku, ambaye hatumtaji jina. Wasomaji wanakumbuka kwamba mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka kikosi cha wanajeshi na polisi 1,000 katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kwamba wengine waliwafuata baadaye. Koplo huyu alikuwa mmoja wa waliotumika huko. Aliporudi likizo alikuja kututafutia picha ya ukuta wa kantini ya kikosi chake. Tulimwonyesha kazi yetu bora, ubao mkubwa wa tembo. Akautazama kwa adabu, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama tena.

“Wazee wangu,” akasema, “picha ni nzuri. Lakini hapa ni wapi?”

Tukamjibu kwamba ni Afrika, afande.

“Afrika ipi? Mimi nimelala porini miezi mingi. Tembo naujua unyayo wake na kinyesi chake. Hawajipangi hivi kama gwaride.”

Tulicheka, naye akacheka, lakini hakuinunua. Alituambia kwamba huko alikotumika alikutana na Wamakua na Wamakonde, na kwamba pwani yake alisikia lugha ambayo nusu yake aliielewa kwa sababu ya Kiswahili. Sisi tukamwambia jambo ambalo hakulijua: kwamba Wamakua wako pande zote mbili za mto Ruvuma, na kwamba ng'ambo ya mto huo, upande wa Tanzania, ndiko alikozaliwa mtu aliyetufundisha kuchora. Koplo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza huyo mzee bado yu hai? Ndipo ilipotubidi kumweleza alivyokufa, na kwa kuwa alikuwa askari, tulimweleza kwa uangalifu.

Habari inayosimuliwa na kukubaliwa ni hii. Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari mjini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwafukuza wahalifu, wakadhani kwamba gari hilo ndilo. Wakapiga risasi. Aliyepigwa hakuwa mhalifu. Alikuwa mchoraji wa miaka kama 40, mwenye mke na watoto, na mwenye wanafunzi waliokuwa wakimngojea.

Hatuandiki haya kumshtaki askari aliyefyatua. Hatumjui, na miaka zaidi ya 50 imepita. Wako miongoni mwenu waliowahi kupewa nusu dakika ya kuamua, gizani au katika makelele, wakiwa wamekwisha kuambiwa kwamba mbele yao kuna adui. Ninyi mwajua uzito wa nusu dakika hiyo kuliko sisi tunaoshika brashi. Tunachosema ni jambo moja. Askari yule alikuwa ameelezwa umbo, na umbo lililofanana na lile aliloelezwa likapita mbele yake. Aliliona gari. Mtu aliyekuwa ndani hakumwona.

Na sisi je? Mizani ya mambo haya mawili haifanani, na tungeona vibaya kama mtu angedhani tunalinganisha ubao wa hadibodi na roho ya mwanadamu. Lakini tangu siku ile tumeshindwa kuliondoa wazo hili vichwani. Kwa miaka mingi nasi tumekuwa tukichora umbo tulilokwisha kuelezwa. Mlima upo mbele ya mlango wetu, tukaupa mgongo ili tuchore mlima wa kalenda. Mtu aliyekufa kwa sababu hakutazamwa mara ya pili, sisi wanafunzi wake tunamheshimu kwa kutokutazama hata mara ya kwanza!

Watatokea watu wa kutuambia kwamba dawa ni kuacha mambo ya Tanzania na kurudi kwenye sanaa ya nyumbani, yaani imigongo. Imigongo ni sanaa tunayoivulia kofia. Akina mama wa Kirehe, katika nchi ya zamani ya Gisaka, wanaijenga juu ya ubao kwa samadi ya ng'ombe, mistari ikainuka kama matuta, kisha wanaipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu itokayo katika udongo na majivu. Lakini Gisaka ni mashariki kabisa ya nchi, nasi tuko magharibi kabisa. Tukianza kesho kuchora mistari ya imigongo kwa kuwa watalii wanaipenda, tutakuwa tumehama kutoka kalenda moja kwenda nyingine, tofauti ikiwa ni nauli tu. Askari walio Kanombe wana jumba la makumbusho ya sanaa jirani yao, katika jengo lililokuwa ikulu. Twawasihi waingie siku ya mapumziko, wajionee wenyewe kwamba sanaa ya nyumbani si kitu kimoja.

Zaidi ya hayo, Tingatinga mwenyewe hakuanza peke yake. Wanaosimulia mwanzo wake husema kwamba aliziona picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akaona kwamba zinapata wanunuzi, akasema naye aweza. Tazameni basi safari ya kitu hiki: kilitoka Kongo, kikaenda hadi bahari ya Hindi, kikarudi kwa lori kupitia Rusumo hadi kwetu, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Tulikuwa tumekopa kwa mtu aliyekopa kwa jirani yetu.

Ndiyo maana tulianza kuuliza habari za wachoraji wa upande wa pili, na mmoja wao ametusumbua kuliko wote. Ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Yeye naye alikuwa maskini, akichora juu ya nguo ya magunia ya unga. Lakini katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake tangu zamani, picha zaidi ya 100, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyeyarekodi mazungumzo yao. Alimchora Lumumba akiwa amekamatwa. Alichora vita. Alichora wakubwa na wadogo, na hakungoja kibali cha mtu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena.

Huko Shaba picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho, na iko moja ambayo wachoraji wengi waliichora tena na tena, yenye maneno Colonie Belge. Uwanjani pana bendera ya Ubelgiji. Mzungu amesimama kando, anatazama. Mfungwa amelazwa chini, suruali imeshushwa, na anayemchapa kiboko ni askari Mwafrika. Wanyarwanda hawahitaji kuelezwa picha hiyo, kwa maana kiboko cha Mbelgiji kilifika hapa pia, na jina lake bado liko vinywani mwa wazee wetu. Tunawaomba wasomaji wetu wenye sare waitazame picha hiyo wakiipata, na wamtazame hasa yule askari. Mchoraji hakumfanya zimwi. Kofia yake imenyooka, mkanda wake umefungwa vizuri, anafanya kazi aliyotumwa. Na watoto wa Shaba walikua wakimwona hivyo ukutani, sebuleni, kila siku walipokula.

Hapo ndipo palipo na jambo kubwa. Askari huingia katika kumbukumbu ya watu, apende asipende. Yule wa Mbelgiji aliingia, na hakuulizwa. Askari wa leo naye ataingia. Ataingiaje, ikiwa wachoraji wa vilima anavyovilinda wanachora tembo peke yao? Sisi tukijifungia ndani ya kalenda, ninyi mtachorwa na nani? Na je, huyo atakuwa amewaona?

Tunakiri jambo jingine, ingawa ni gumu. Tembo ametufaa sana. Tulisema tunamchora kwa sababu ananunuliwa, na hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Miaka ya 1997 na 1998 vita vya waasi viliwaka katika sehemu hizi za kaskazini-magharibi. Wako kati yetu waliokuwa watoto wakati huo, na wanakumbuka barabara ilivyokuwa tupu, milango iliyofungwa mchana, na mama aliyewaziba midomo watoto wake kwa kiganja. Hatujachora hata ubao mmoja wa siku hizo. Wala hatusemi kwamba kesho tutachora. Mambo mengine yanataka umri, na yanataka ruhusa ya waliofiwa. Lakini angalau tuache kudanganya kwamba tulikuwa tukitafuta soko tu. Nyuma ya mgongo wa tembo palikuwa na mahali pazuri pa kujificha.

Koplo ndiye aliyetupa pa kuanzia. Kabla ya kuondoka alisema: kama mwataka kunichorea ukuta wa kantini, nichoreeni usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Msomaji asiyekuwa huku aelezwe kwamba usiku huo Nyiragongo ulipasuka, kama ulivyopasuka Januari 1977 na Januari 2002. Zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, iliteremka kuelekea Goma, ikasimama katika vitongoji vya kaskazini vya mji huo. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka hata kuta zikapasuka pande zote mbili. Koplo alikuwa zamu mpakani. Alisema kwamba alichokumbuka zaidi si moto. Ni mzee mmoja aliyefika akiwa amebeba cherehani kichwani, bila viatu, akampigia saluti.

Tulipoanza kazi hiyo ndipo tulipomwelewa Tingatinga kwa mara ya kwanza. Usiku ule hauwezi kuchorwa kwa vivuli vya wachoraji wa Ulaya. Ulikuwa na rangi mbili tu, nyeusi na ile nyekundu ya mbinguni. Tukaupaka ubao wote mwekundu wa chungwa, kama yeye alivyofanya na chui wake. Tukauacha ukauke. Juu yake tukaweka watu, weusi, bapa, bila kivuli, kila mmoja akiwa wazi kama mnyama wake mmoja katikati ya mraba. Na yale madoa, ambayo kwa miaka mingi tulikuwa tukiyatia kwa mazoea tu, sasa yalipata kazi: yalikuwa tochi za simu mikononi mwa watu barabarani, maelfu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna hila yake hata moja iliyobaki bure. Chini, mahali pa ardhi, tulichanganya mchanga mweusi wa shamba letu ndani ya rangi, na ubao ukawa mkwaruzo kama njia yenyewe. Hilo hatukulipata kwake. Lakini bila yeye tusingelithubutu.

Ubishi ulikuwapo. Mmoja wetu alitaka askari awe mkubwa kuliko watu wote, katikati, kama yule chui, kwa hoja kwamba picha ni ya kantini ya jeshi na mwenye fedha ni koplo. Mwingine akasema askari awe pembeni, kwa kuwa usiku ule hakuna aliyekuwa akimtazama askari. Watu walitazama nyuma, kwenye moto. Tulibishana siku tatu. Mwishowe tulimpigia koplo simu, na jibu lake lilikuwa fupi kama amri: nichoreni mlipo mkweli, nami mniweke pale nilipokuwa nimesimama. Alikuwa amesimama karibu na kizuizi, upande wa kushoto, mkono mmoja umeshika kizuizi na mwingine umeinuliwa kuitikia saluti ya mzee wa cherehani. Tumemweka hapo. Ni mdogo kuliko kidole gumba, lakini mkono wake unaonekana.

Basi ombi letu kwenu, wenye sare, ni la kibiashara pia. Mnapokuja kununua, msikubali kwanza ubao tunaowaonyesha. Tuulizeni kama alivyouliza koplo: hapa ni wapi? Tukiwajibu kwamba ni Afrika, wekeni fedha mfukoni. Semeni mliyoyaona, mkiruhusiwa kuyasema, iwe ni Cabo Delgado, iwe ni doria ya kawaida katika mvua ya Busasamana, polisi wawili na pikipiki iliyokwama kwenye matope, wakisaidiwa na wanawake watokao sokoni. Tutachora polepole, na pengine vibaya mwanzoni. Bei itakuwa ile ile ya tembo.

Picha ya koplo bado iko kwetu. Msimu huu wa mvua umekuwa mrefu, na ile nyekundu ya mbinguni, tuliyoipaka mara mbili, ingali ikinata kidoleni. Tumeisimamisha nyuma ya nyumba, mbali na moshi wa jiko safari hii, imefunikwa kwa gunia lisilogusa rangi. Koplo amekwisha kurudi kikosini, naye ameambiwa asubiri.